Maoni Yetu: Eastlands ina kumi na moja, haina benchi

Muhula wa pili ukifunguliwa mwishoni mwa Aprili, msimu wa soka ya shule za upili utaanza, na kutoka Jericho hadi Dandora watu watauliza lile lile la kila mwaka: je, safari hii timu ya shule moja ya Eastlands, mashariki mwa jiji, itabeba kombe la Nairobi na kwenda nalo mashindano ya taifa? Jibu letu ni fupi. Itasumbua wengi, itajaza mashabiki kwenye kuta na juu ya paa za vibanda, kisha itakwama nusu fainali ya Nairobi. Vipaji vipo tele. Tatizo ni kwamba mwaka huu kila shule ya upili nchini ina pengo katikati ya daftari lake la wanafunzi, na pengo hilo linaumiza zaidi timu ya shule ya kutwa isiyo na uwanja, isiyo na basi na isiyo na chakula cha saa kumi jioni.

Tuanze na daftari hilo, maana humo ndimo msimu utakamoamuliwa. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023. Waliouandika waliingia Kidato cha Kwanza 2024, na sasa wako Kidato cha Tatu. Nyuma yao hakuna mtu. Mwaka wa 2025 shule za upili hazikupokea darasa jipya hata moja, kwa kuwa kundi la kwanza la mtaala mpya lilikuwa Gredi ya 9 likisubiri mtihani wake. Kundi hilo limeingia Januari mwaka huu kama Gredi ya 10. Kwa hiyo shule ya upili ya 2026 ina madarasa matatu: Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne. Kidato cha Pili hakipo, na hakitarudi tena.

Mwalimu wa hesabu anaweza kushukuru kwamba madarasa yamepungua. Mwalimu wa michezo hana la kushukuru. Kidato cha Pili ndicho kilichokuwa benchi lake. Kijana wa Kidato cha Kwanza alikuwa bado anajifunza kengele ipi ni ya chakula na ipi ni ya gwaride. Wa Kidato cha Nne ana mtihani wa mwisho wa KCSE mbele yake. Wa Kidato cha Pili alikuwa na muda, alikuwa na miguu, na hakuwa na hofu. Aliingizwa dakika ya 60, akakimbia ovyo, akapoteza mipira miwili, akafokewa na shule nzima, na mwaka uliofuata ndiye aliyevaa kitambaa cha unahodha. Huyo mwaka huu hayupo. Waliokuwa akiba mwaka jana wamepanda Kidato cha Tatu na lazima waanze mechi, watake wasitake. Nyuma yao kuna wageni watupu.

Kidato cha Nne nao ni wachezaji wa nusu. Miili yao iko uwanjani, akili iko kwenye mtihani wa majaribio. Tusiwalaumu, wala tusiwalaumu wazazi wao. Mama wa Kayole anayelipa karo kwa kuuza sukuma na nyanya haombi mwanawe afunge bao. Anaomba apate C+, alama ya chini kabisa ya kuingia chuo kikuu. Akisikia kwamba kijana yuko Ruaraka kwa mechi siku ya Jumatano wakati wenzake wanafanya Kemia, atapiga simu shuleni, na simu hiyo humtoa mchezaji uwanjani haraka kuliko kadi nyekundu.

Wamarekani, ambao soka ya vyuo vyao huchezwa kwa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wana desturi moja ya maana. Kabla ya msimu hawaanzi kwa kusifu nyota. Wanahesabu kwanza nani amehitimu, nani amebaki, nani amehamia chuo kingine, na safu gani imebaki na wachezaji wangapi waliokwisha kucheza. Hesabu hiyo wanaichukulia kwa uzito kwa sababu mchezo wenyewe una uzito: uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor una nafasi za watu zaidi ya 107,000, na Kasarani yetu haifiki hapo hata tukiongeza mashabiki wa juu ya miti. Sisi huku utabiri wetu wa soka ya shule ni wa majina. Tunasema kuna winga hatari pale, kuna kipa mrefu kule, basi timu imeiva. Safari hii tufanye hesabu ya darasa kwa darasa, na kwa Eastlands hesabu hiyo inatoa kumi na moja wazuri, labda kumi na watatu. Baada ya hapo ni kuomba Mungu asiumie mtu.

Ratiba ya mashindano haina huruma kwa timu ya aina hiyo. Shule huanzia ngazi ya eneo, inapanda kaunti ndogo, iwe Makadara, Kamukunji, Embakasi, Njiru, Kasarani au Mathare, kisha inaingia fainali za Nairobi, ambayo kwenye michezo ya shule huhesabiwa kuwa mkoa mzima. Bingwa wa Nairobi hukutana na mabingwa wa mikoa mingine saba kwenye mashindano ya taifa, na wanaofanya vyema huko huenda kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki mwezi Agosti. Kila hatua inabanwa ndani ya siku chache ili masomo yasipotee. Leo mechi, kesho mechi, keshokutwa mechi. Kwenye ratiba ya namna hiyo kikosi cha kwanza hukupeleka hadi robo fainali, na kutoka hapo ni wachezaji wa akiba wanaokufikisha mbele. Kiungo aliyecheza dakika 80 Jumanne, akalala saa tano usiku kwa sababu matatu zilikwama Jogoo Road, hawezi kumkaba mtu Jumatano asubuhi.

Wapinzani tunawajua. Nairobi ina Dagoretti High, ina Upper Hill, ina Highway, shule ambazo haishangazi mtu kuziona kwenye hatua za mwisho. Nje ya Nairobi kuna Kakamega High na jezi zao za kijani, kuna Musingu, kuna St. Anthony's ya Kitale. Pengo la Kidato cha Pili limewapata nao pia; sheria ni moja. Lakini shule ya bweni yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja inaweza kuchimba kikosi cha pili kutoka Kidato cha Tatu peke yake, ikakifanyisha mazoezi alfajiri na jioni, na mlo wao unajulikana uko wapi. Shule ya kutwa yenye mikondo miwili kwa kila darasa haina pa kuchimba.

Sasa tuwatazame hawa wa Gredi ya 10, kwa sababu matumaini ya kweli ya msimu yako kwao, na watu wengi wanawasoma vibaya. Kuna mazoea ya kuwaita wapya, kana kwamba ni Kidato cha Kwanza cha zamani kilichobadilishwa jina. Hao ni watu tofauti. Kidato cha Kwanza aliingia na miaka 14, sauti bado nyembamba. Gredi ya 10 anaingia akiwa na 15 au 16, amekwisha kumaliza miaka mitatu ya sekondari msingi, mwili umejaa, na baadhi yao wanaanza kunyoa ndevu. Kocha anayewaweka pembeni mwaka mzima ili wazoee, kama alivyofanya na Kidato cha Kwanza, anatupa theluthi moja ya muda atakaokuwa nao. Zamani alikuwa na miaka minne ya kumlea mchezaji. Sasa ana mitatu. Mwaka wa kutazama tu umefutwa na Wizara ya Elimu, na kocha asiyelikubali hilo mapema atajikuta mwaka 2028 na kikosi cha Gredi ya 12 ambacho hakijawahi kucheza mechi ngumu.

Ila kuna kasoro moja kubwa. Gredi ya 7, ya 8 na ya 9 ziliwekwa ndani ya shule za msingi. Yeyote aliyeingia shule ya msingi ya umma huku kwetu anajua uwanja wake: kipande cha vumbi kilichobaki baada ya kujenga madarasa ya ziada, goli moja limeegemea ukuta wa choo, na watoto wa chekechea wanapita katikati. Walimu wengi wa sekondari msingi waliajiriwa kama walimu wanagenzi, kwa malipo madogo na masomo mengi, na kuwaomba wabaki hadi saa kumi na moja kufundisha kona na mipira ya adhabu ni kuwaonea. Basi kijana huyu wa Gredi ya 10 amejifunzia wapi mpira?

Mtaani. Hilo ndilo jambo ambalo shule za Eastlands zinapaswa kulimeza haraka. Kazi ya kulea mchezaji kati ya miaka 12 na 15 imehama kutoka shuleni hadi timu ya mtaa, na imehama bila mtu kuitangaza. Bahati yetu ni kwamba timu za mtaa zipo, na nyingine zina historia kubwa kuliko ya shule. MYSA, chama cha michezo cha vijana, ilianza Mathare 1987 kwa wazo la ajabu lakini lililofanya kazi: timu ya watoto hupata pointi za ligi kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro, pamoja na zile za kushinda mechi. Kutoka humo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, na timu hiyo ikawa bingwa wa Ligi Kuu 2008. Kariobangi Sharks walianza mwaka 2000 wakiwa timu ya mtaa tu, wakapanda Ligi Kuu 2017, na mwaka huo huo mshambulizi wao Masoud Juma akamaliza mfungaji bora wa ligi. Tarehe 7 Julai 2019 wakacheza na Everton ya Uingereza uwanjani Kasarani, wakatoka 1-1 na kushinda 4-3 kwa penalti. (Siku hiyo hiyo gwiji wa soka Joe Kadenge alifariki. Nairobi ilicheka na kulia ndani ya saa ishirini na nne.)

Mtaa unaoweza kutoa timu ya kuiangusha Everton, hata kama ilikuwa mechi ya kirafiki, hauwezi kusemwa kwamba hauna wachezaji wa kuifunga Dagoretti High. Wachezaji wapo Umoja, wapo Huruma, wapo Korogocho. Swali ni kama wako kwenye shule zetu.

Hapo ndipo tunapoona hasara ya pili. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 alijaza shule 12 kwenye mfumo wa Wizara, akachagua mkondo wake wa masomo, kisha akasubiri kupangiwa. Mfumo hauulizi kama shule fulani ya Makadara inahitaji beki wa kushoto. Kijana aliyecheza pamoja na wenzake tangu akiwa na miaka tisa kwenye uwanja wa Kaloleni anajikuta Murang'a, mwenzake anajikuta Machakos, na shule iliyo hatua mia tatu kutoka uwanja huo inapokea wanafunzi kutoka kaunti tano ambao hawajawahi kupigiana pasi. Hatupingi watoto kwenda mbali kusoma. Wengi wao wanahitaji kutoka mtaani ili wapumue. Tunasema tu kwamba kocha wa Eastlands mwaka huu anaanza na watu wasiojuana, na hana mechi za kutosha za kuwafahamisha.

Juu ya hilo, si siri kwamba shule zenye jina huvizia vipaji huku kwetu. Mashindano ya Koth Biro pale Ziwani, yanayochezwa msimu wa Desemba wakati ligi zimepumzika, hutazamwa na watu wengi, na baadhi yao wana kalamu mfukoni. Kijana akiahidiwa karo, sare na kitanda, mzazi wa chumba kimoja Mathare afanye nini? Atasema asante. Sisi pia tungesema asante. Lakini mwalimu mkuu wa shule ya jirani asimame hapo ajiulize kwa nini hakuwa na chochote cha kuahidi, hata chakula cha mchana.

Chakula kinahitaji aya yake. Mradi wa Dishi na County, ulioanzishwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2023, huwalisha watoto wa shule za msingi za umma mlo wa mchana kwa shilingi 5. Ni mojawapo ya mambo machache ambayo mzazi wa Eastlands anaweza kuyataja bila kukunja uso. Mradi huo hauwafikii wa shule za upili. Mchezaji wa miaka 16, anayekua urefu kila mwezi, anatoka darasani saa kumi akiwa na kikombe cha uji cha saa nne, kisha anaambiwa akimbie mizunguko kumi. Baadaye tunasema vijana wa Eastlands hawana pumzi kipindi cha pili. Mgao rasmi wa serikali kuu ni shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya kutwa, na mgao wenyewe huja kwa vipande na kwa kuchelewa. Ukitoa vitabu, maji, umeme na mishahara ya wafanyakazi, kinachobaki kwa michezo hakinunui njumu za timu nzima. Kabla ya kuomba jezi mpya kwa mwanasiasa, shule iombe wazazi na wafanyabiashara wa soko la jirani gunia la mahindi na la maharagwe kwa ajili ya wachezaji 25. Githeri itashinda mechi nyingi kuliko jezi.

Kuhusu viwanja, tutasema machache kwa kuwa yamesemwa sana. Camp Toyoyo upo, Jericho, na shule iliyo karibu nao ina bahati. Dandora uwanja umekamilika baada ya miaka ya kusubiri na sasa unapokea hata mechi za Ligi Kuu. City Stadium ilipewa jina la Joe Kadenge, na jina zuri halioti nyasi. Kwingineko ni ule udongo mweusi wetu, ambao mvua ya Aprili na Mei huugeuza gundi na jua la Juni huupasua. Mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha hata ufunguzi wa muhula wenyewe. Timu inayofanya mazoezi kwenye gundi hujifunza kupiga mipira mirefu, kwa sababu mpira wa chini haufiki. Halafu inapelekwa kwenye nyasi bandia ya fainali, mpira unateleza kwa kasi, na mabeki wanaonekana wazito. Dawa yake haihitaji bajeti ya bunge la kaunti. Afisa anayesimamia viwanja vya Nairobi atenge saa mbili za jioni, mara mbili kwa wiki, kwa shule za upili za umma kwenye viwanja hivi vyenye nyasi, bila malipo, kuanzia wiki ya kwanza ya muhula hadi fainali za Nairobi. Akikataa, aeleze kwa maandishi.

Wapo watakaotuambia kwamba enzi za zamani zilikuwa hivi hivi na bado vipaji vilitoka. Ni kweli vilitoka. Victor Wanyama alikulia Muthurwa na kusoma Kamukunji High School, na Novemba 2012 akaifunga Barcelona akiwa na Celtic, Mkenya wa kwanza kufunga bao kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa Inter Milan walipotwaa kombe hilo 2010. Lakini hao walizaliwa kwenye nyumba ya mpira. Baba yao, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards. Mtoto wa nyumba hiyo angefundishwa hata kama shule ingekuwa na mpira mmoja uliotoboka. Shule inahukumiwa kwa yule mwingine, ambaye baba yake ni makanga na hajui ofisi ya klabu yoyote iko wapi.

Tukitaka mfano wa shule iliyopanga, tuangalie Uganda. St. Mary's Kitende, kando ya barabara ya Entebbe, imeunganishwa na klabu ya Vipers: mwenye shule ndiye mwenye klabu, uwanja ni mmoja, na kijana akimaliza masomo anajua mlango unaofuata. Timu za Kenya zikikutana na Kitende kwenye mashindano ya Afrika Mashariki hukutana na mfumo, siyo darasa. Hatuna tajiri wa namna hiyo Makadara. Tuna kitu kingine: klabu za mtaa zilizo umbali wa kutembea kwa miguu. Ofafa Jericho, Kamukunji, Eastleigh High na wenzao waandikiane makubaliano mepesi na klabu za jirani: kocha wa klabu aje shuleni siku mbili kwa wiki, shule impe darasa la kuwekea vifaa, na mwanafunzi wa klabu hiyo akubaliwe kufanya mazoezi na timu zote mbili bila kupigwa vita. Kwa sasa walimu wengi wa michezo na makocha wa mtaani wanagombania mtoto mmoja kama mama wawili mbele ya mfalme Suleimani, na anayekatwa ni mtoto.

Wazazi nao waulize swali moja shuleni. Mtaala mpya una mikondo mitatu, na mmoja ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali ilikadiria asilimia 60 ya wanafunzi waende Sayansi na Teknolojia, 25 Sayansi za Jamii na 15 huko kwenye sanaa na michezo. Kila shule lazima iwe na mkondo wa sayansi, pamoja na mwingine angalau mmoja. Shule yenye kiwanja kidogo huchagua Sayansi za Jamii, kwa sababu haihitaji uwanja. Matokeo yake, kijana mwenye mpira miguuni anaweza kusoma miaka mitatu Eastlands, kwenye kitovu cha soka cha jiji hili, bila somo la mkondo wa michezo kwenye ratiba yake. Tunaona ajabu hiyo isipite kimya. Angalau shule moja ya umma katika kila kaunti ndogo ya mashariki mwa jiji iwe na mkondo huo, na ipewe walimu wake.

Soka ya wasichana tunaitabiria vizuri kidogo, hasa kwa kuwa huko pengo la madarasa halijaumiza sana: timu nyingi zilikuwa changa tangu mwanzo na hazikuwa na benchi la kupoteza. Vikwazo vyao ni vya kale. Wiyeta, Butere na Nyakach wamejenga majina ya kutisha, na msichana wa Kariobangi anayecheza vizuri hupanda basi kwenda magharibi kabla shule ya jirani haijajua jina lake. Shule ya mchanganyiko ambayo mwaka huu itawapa wasichana jioni zao wenyewe uwanjani, badala ya kuwapa muda uliobaki wa wavulana, inaweza kufika fainali za Nairobi kwa njia iliyo wazi kuliko ile ya kaka zao.

Jambo la mwisho la kuangalia liko nje ya uwanja. Makongeni inabomolewa kupisha nyumba za bei nafuu, na mitaa mingine ya zamani iko kwenye mpango huo huo. Familia zimesambaa, nyingine hadi Utawala, Ruai na Kamulu. Mchezaji anayeamka saa kumi alfajiri kuja shule ya Makadara hawezi kubaki mazoezini hadi giza liingie. Kocha amuulize kila mchezaji anakolala kabla ya kumpanga, na mazoezi ya alfajiri yafutwe kabisa kwa wanaotoka mbali.

Utabiri wetu basi, tukiuandika ili tuulizwe Julai. Mechi za kaunti ndogo, timu za Eastlands zitafunga mabao mengi, maana Kidato cha Tatu cha sasa ni kizuri na kimecheza pamoja miaka miwili bila mtu mpya kuwavuruga. Mbili kati yao zitafika nusu fainali za Nairobi. Huko zitaongoza hadi mapumziko na kufungwa dakika ishirini za mwisho. Timu itakayovunja utabiri wetu ni ile itakayothubutu kuwapanga wanne wa Gredi ya 10 tangu mechi ya kwanza na kuvumilia makosa yao mwezi wa Mei. Mwaka 2027 Kidato cha Tatu hiki kitakuwa Kidato cha Nne, cha mwisho kabisa cha mfumo wa zamani wa 8-4-4, kikiwa na Gredi ya 11 iliyokomaa kandoni mwake. Mwaka huo, nchi ikiandaa Kombe la Afrika pamoja na Uganda na Tanzania, ndio tunaoutaka kwa kombe la Nairobi. Wa sasa ni wa nusu fainali.